Haki ya Kuhesabiwa

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Temeke na Kinondoni,

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kufikia Mei, wagonjwa walioripotiwa walikuwa 509 na vifo 21; kisha takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hesabu ilisimama, misiba haikusimama. Machi 2021 Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 walifariki katika miezi miwili.

Tujifunze kuzisoma hesabu. Kwanza, idadi ya wagonjwa hufuata idadi ya waliopimwa, asiyepimwa hahesabiwi. Pili, vifo tuvilinganishe na kawaida. Tuseme mtaa mmoja wa Mbagala huzika watu wawili kwa mwezi, na mwezi huu umezika saba: ongezeko hilo halithibitishi chanzo, bali latudai tuulize.

Kwa nini tuliite jambo la haki? Kwa sababu mwenye uwezo atamwuliza daktari wake, lakini maskini hupanda daladala iliyosongamana pasipo kuonywa.

Basi, tuwasaidie wafiwa kusajili vifo RITA. Kila jumuiya iwe na daftari la misiba: tarehe, umri na mtaa, pasipo kuanika siri za mgonjwa. Nao wenye mamlaka tuwaombe, kwa heshima na bila woga, watangaze hesabu kamili.

Tumsifu Yesu Kristo.