Mpira na Ndoo ya Tangi la Samaki

Msikilizaji unayefuga samaki wa mapambo, leo tuutazame mpira wa kunyonyea maji. Maji yanayobaki ndani yake huota utelezi uliojaa bakteria. Kila ukimaliza kubadilisha maji, usuuze, kisha utundike ncha zote zikielekea chini hadi ukauke kabisa. Sabuni usiitumie, mabaki yake huumiza matamvua ya samaki. Chokaa iliyoganda iloweke kwa siki na maji, halafu suuza sana. Ndoo iwe ya samaki tu, siyo ile ya kufulia, hata jirani akiiomba!

Na tafadhali, usivute maji kwa mdomo. Zamisha mpira wote ujae, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe ndooni, achia. Mwenye kidonda mkononi avae glavu.