Tezi dume: kisu, matundu au roboti?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tuangalie upasuaji wa saratani ya tezi dume, maradhi ambayo wazee wetu wa Bukoba na Muleba huona haya kuyataja hata mbele ya daktari.

Kwanza, njia zenyewe. Daktari anaweza kupasua chini ya kitovu na kuitoa tezi yote, kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, au kuongoza mikono ya roboti. Wanaoitetea roboti wana hoja: damu hupotea kidogo na mgonjwa hutoka wodini mapema.

Lakini sikia upande wa pili. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha roboti na upasuaji wa wazi. Wiki 12 baadaye, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume ulikaribia kulingana. Kwangu mimi, uzoefu wa daktari una uzito zaidi kuliko mashine.

Sasa turudi kwetu mkoani Kagera. Njia hizo hasa ni za saratani ambayo haijasambaa. Ikishafika kwenye mifupa, mara nyingi upasuaji unaobaki ni kuondoa korodani ili kukata homoni inayoilisha. Huo hupunguza maumivu, hauponyi. Na wanaume wetu wengi hufika hospitali wakiwa wameshachelewa, kwani saratani changa mara nyingi haitoi dalili.

Je, mwanamume wa miaka 50 kule Kamachumu au Katerero atakifikiaje kipimo cha damu cha PSA, kinachosaidia kuigundua saratani hii mapema, kabla hajaona dalili?