Fedha ya Kinga Isingoje Maradhi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu.



Kila mwaka, yanapotayarishwa makisio ya fedha ya Serikali, yako matumizi yanayojitetea yenyewe. Hospitali mpya huonekana kwa macho, na gari la wagonjwa hupokewa kwa vigelegele. Lakini iko kazi nyingine ya afya isiyokuwa na jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa. Ni kazi ya kupima maji ya visima, kukagua vyoo vya shule na vya masoko, kuchanja watoto, kuangamiza mazalio ya mbu, na kuandika kila wiki idadi ya wagonjwa wa kuhara ili mlipuko ujulikane ungali mdogo. Kazi hiyo ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Na hapo ndipo penye hatari, maana mgawaji wa fedha akiona kwamba hakuna kilichotokea, huwa mwepesi wa kudhani kwamba fedha hiyo haikuwa na haja.

Hapana budi kwanza ieleweke kwa nini kazi hii ni wajibu wa Dola. Mtu mwenye uwezo anaweza kujinunulia dawa, na hata kulipia kitanda cha hospitali. Hawezi kujinunulia mtaa usiokuwa na kipindupindu. Maji machafu ya jirani huingia katika kisima chake, na mbu aliyezaliwa katika dimbwi la soko hachagui nyumba ya kuingia. Kinga ya namna hiyo ama wanaipata wote, ama hakuna anayeipata. Kwa sababu hiyo haiwezi kuachiwa duka la dawa wala huruma ya mtu mmoja mmoja.

Mfano ulio karibu ni wa Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa huko mpango wa kutokomeza malaria kwa kunyunyizia nyumba dawa ya kuua mbu. Kufikia mwaka 1968, watu waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu walikuwa wamepungua mno katika visiwa vyote viwili. Mwaka huo huo mpango ukasimamishwa. Miaka michache tu baadaye malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu, na watoto waliozaliwa katika miaka ile ya nafuu hawakuwa na kinga ya mwili ya kupambana nayo. Iliwachukua Wazanzibari zaidi ya miaka 30 kuipata tena nafuu ile. Tangu mwaka 2003, kwa dawa mseto, vyandarua na unyunyiziaji wa majumba, kiwango cha maambukizi kilishuka tena hadi chini ya asilimia 1. Lakini hata baada ya ushindi huo, wagonjwa waliongezeka tena katika miaka ya karibuni. Fundisho lake ni wazi: malaria iliyopungua ni malaria inayongoja mlinzi asinzie.

Kipindupindu nacho kimefundisha somo hilo hilo kwa njia ya uchungu. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulikuwa na chanzo kile kile kisichobadilika: maji yaliyochanganyika na kinyesi. Mlipuko huo wa 2015 ulienea katika mikoa mingi, wakaugua watu zaidi ya 20,000, na zaidi ya 300 wakafa. Zilifunguliwa kambi za matibabu, wauguzi wakakesha, na dripu zikanunuliwa kwa maelfu. Fedha ilipatikana, kwa kuwa sasa wagonjwa walikuwa wanaonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kipindupindu hujengwa kwa makaburi.

Wako watakaosema kwamba nchi isiyokuwa tajiri haiwezi kubeba mzigo wa kinga. Historia ya ndui inawajibu. Kampeni ya kuitokomeza duniani, kuanzia mwaka 1967 hadi 1979, iligharimu takriban dola milioni 300. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Kiasi cha theluthi mbili ya gharama hiyo kilitolewa na nchi zenyewe zilizokuwa zikisumbuliwa na maradhi hayo. Hizo hazikuwa nchi tajiri. Leo hakuna mtoto anayechanjwa ndui kwa desturi, wala hakuna serikali inayotenga kitanda cha mgonjwa wa ndui. Ni matumizi machache ya Serikali yaliyopata kurudisha faida ya namna hiyo.

Tanzania yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Vijiji vilichimba vyoo, vikafyeka majani na kufukia madimbwi. Nguvu ile ilikuwa ya wananchi. Hata hivyo haikuzuka yenyewe: vitabu vilichapishwa, viongozi wa vikundi walifundishwa, na vipindi vya redio viliandaliwa mapema. Jembe ni la mwananchi, lakini maandalizi ni ya Dola, na maandalizi yana gharama.

Siku hizi linazungumzwa sana jambo la bima, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni hatua kubwa kwa mgonjwa maskini. Lakini isidhaniwe kwamba bima itachukua nafasi ya kinga. Kadi ya bima humlipia mtu aliyekwisha ugua. Haichimbi mtaro, wala haimpelekei bwana afya mafuta ya pikipiki. Tena, kila mgonjwa anayezuiliwa asiugue ni nafuu kwa mfuko huo huo wa bima.

Misaada ya nje nayo ina mpaka wake. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na kazi nyingi za UKIMWI, malaria na kifua kikuu barani Afrika zikayumba kwa muda wa wiki chache tu. Mwenye kutoa ana haki ya kuacha kutoa. Kosa ni la mpokeaji anayeweka ulinzi wa nyumba yake mikononi mwa mgeni. Wakuu wa nchi za Afrika waliliona jambo hilo walipokutana Abuja mwezi Aprili 2001, wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi zilizopata kuitimiza ahadi hiyo ni chache.

Yapo basi mambo matatu ya kutendwa. Kwanza, fedha ya kinga iwe na kasma yake, na mapato yanapopungua isiwe ya kwanza kukatwa. Pili, itolewe kwa wakati. Dawa ya kutibu maji inayofika baada ya masika ni hasara mara mbili. Tatu, mambo ya msingi, yaani chanjo, maabara na mishahara ya maofisa afya, yategemee kodi ya nchi yenyewe kwanza, na msaada uwe nyongeza.

Mtumishi anayeandika makisio ya halmashauri ndiye anayejua kasma ipi hupunguzwa kimya kimya. Mwalimu ndiye anayejua choo cha shule kimejaa tangu lini, na ni watoto wangapi wanakosa masomo kwa homa. Taarifa zao, zikiandikwa kwa ukweli na kufikishwa panapohusika, ni silaha. Mlinzi haachishwi kazi kwa kuwa mwizi hakuja jana usiku. Huenda mwizi hakuja kwa sababu mlinzi alikuwapo.