Mashine Izimapo Ziwani: Maneno juu ya Njia ya Mafuta

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama na maofisa, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Bugwema)



Katika sherehe kama hii ni desturi Katibu asimame asome hesabu: hisa, mikopo, na magunia yaliyopimwa. Hesabu hizo zimekwisha kupigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu cha ukumbusho, na kila mwenye kutaka atazisoma kwa utulivu nyumbani kwake. Sisi tumeomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti tuitumie nafasi yetu kwa jambo lionekanalo dogo, nalo ni mashine ya mtumbwi inayozima katikati ya maji kwa sababu mafuta hayafiki.

Pengine mtu atauliza, wakulima wana nini na mashine za mitumbwi? Bonde letu ni la mahindi, mpunga, mihogo na pamba. Ndivyo ilivyo. Walakini kila mmoja wetu ajua kwamba sehemu ya mazao hupita mwaloni, yakapelekwa Musoma mjini au visiwani kama Rukuba, na nyumba si chache miongoni mwetu zina jembe upande mmoja wa ukuta na nyavu upande wa pili. Mashine ikizima, anayepata hasara ni yule yule mwenye hisa aliyeketi hapa.

Tena liko jambo la upepo. Sisi tu watu wa ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, nao upepo hutoka huku bara kwenda ziwani. Basi mtumbwi uliozima mchana aghalabu husukumwa kurudi pwani, bali uliozima usiku husukumwa kwenda kilindini, nako ndiko ngurumo na mvua za usiku huzaliwa. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi yake usiku. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Si mahali pa kuelea bila mashine ukingojea kukuche.

Mashine zilizo nyingi katika mialo yetu ni zile ndogo za kufungwa nyuma ya mtumbwi, za nguvu za farasi 15 au pungufu, zitumiazo petroli iliyochanganywa na oili. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Marekani, alianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1909, nazo zimeboreshwa sana tangu hapo. Katika mashine zetu mafuta hutoka tangini, hupita katika mpira, huvutwa na pampu, huingia katika kabureta, huchanganyika na hewa, kisha huwashwa na cheche ya plagi. Ni njia moja, yenye mwanzo na mwisho. Kosa tunaloliona kila mara ni watu kuanza kutafuta mwishoni. Mashine ikizima, mtu hukimbilia kabureta, huifungua juu ya mawimbi, na skurubu moja ikianguka majini, safari imekwisha.

Kabla ya kuifuata njia hiyo, yapasa kwanza kujua kama ni mafuta au ni moto wa cheche. Vuta kamba mara chache, kisha ifungue plagi uitazame ncha yake. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika, pengine yamezidi kwa sababu choki imevutwa muda mrefu. Hapo ipanguse, iache ikauke, rudisha choki, ujaribu tena. Iliyolowa ikakataa kuwaka kila mara, shaka iende kwa cheche au kwa maji yaliyomo katika mafuta. Hiyo ni kazi ya dakika tatu, na inaokoa saa tatu.

Sasa tuchukue plagi iliyo kavu. Mwanzo wa njia ni tangi, na juu ya kifuniko chake iko skurubu ndogo ya kupitisha hewa. Watu huikaza wakati wa kubeba ili mafuta yasimwagike, kisha huisahau. Kina mama wanaouza mafuta ya kula wanalijua jambo hili kuliko mafundi wengi: debe halitoi mafuta vizuri mpaka litobolewe tundu la pili la kuingiza hewa. Tangi nalo ni vivyo hivyo. Mafuta yatatoka kwa muda, kisha hewa iliyobaki ndani itapungua, nayo mashine itazima kana kwamba imenyongwa. Ukingoja kidogo, hewa hupenya taratibu, mashine ikawaka, ikaenda, ikazima tena.

Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alifika ofisini kuomba mkopo wa kununua kabureta mpya. Mashine yake ilikuwa ikizima kila baada ya mwendo mfupi, na safari moja magunia yake ya mihogo mikavu yalinyeshewa ziwani hata yakaota ukungu. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kuisafisha kabureta ile mara mbili, akalipwa mara mbili. Kamati ya mikopo ikamtaka aeleze jinsi mashine inavyozima. Aliposema kwamba huwaka tena baada ya kupumzika, kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni akauliza, “Mzee, ile skurubu ya kifuniko huwa unailegeza?” Mkopo haukuandikwa. Alirudi mwaloni na tangi lile lile na kabureta ile ile, na mpaka leo anapeleka mihogo yake mjini.

Baada ya kifuniko, shika ile pampu ya mkono, yaani kile kifuko cha mpira kilicho katikati ya mpira wa mafuta. Twapenda kila mwanachama akijue kifuko hiki, kwa maana chasema mengi kuliko chombo kingine chochote kilicho nje ya mashine. Kwanza mshale uliochorwa juu yake uelekee mashine. Ukiwa umefungwa kinyume, hakuna tone litakalofika. Kishike kikiwa wima, mshale juu, ukibonyeze. Kikiwa kigumu na kukaa kigumu, mafuta yamefika mpaka kwenye kabureta, na kizuizi kipo mbele. Kikikataa kuwa kigumu hata ukibonyeza mara thelathini, ama tangi ni tupu, ama hewa inaingia mahali: viunganishio havikukazwa sawasawa, oringi imekatika, mpira umepasuka kwa jua, au vali ndani ya kifuko imekufa. Kikiwa kigumu mara moja kisha mafuta yakatiririka chini ya kabureta, sindano ya kabureta haifungi. Na ukikikuta kimenywea, kuta zake zimegusana, basi kizuizi kipo nyuma, upande wa tangi: ile skurubu ya hewa, au chujio lililo chini ya bomba la kufyonzea limejaa taka, au mtu amekalia mpira. Hilo la mwisho si mzaha. Katika mtumbwi uliojaa magunia na abiria, mpira uliobanwa na gunia ni jambo la kila siku.

Iko dalili nyingine inayofaa kukumbukwa. Mashine ikienda vizuri wakati mwenzako anabonyeza kifuko bila kuacha, kisha ikazima akiacha, shaka kubwa ni pampu ya mashine yenyewe, ambayo ndani yake mna kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kikitoboka hakivuti. Ziwani huwezi kukibadili, bali waweza kuubonyeza mkono wako mpaka pwani, na watu wamefika kwa njia hiyo.

Kabureta tumeiacha nyuma kwa makusudi. Ndani yake mna boya dogo na sindano inayofunga na kufungua mlango wa mafuta, na vitundu vyembamba sana. Mashine inayounguruma polepole bila taabu lakini hufa ikiongezwa mwendo, au kinyume chake, huenda ina kitundu kilichozibwa. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta wiki nyingi hukauka na kuacha gundi. Kinga yake haina gharama: unapofika mwaloni, mashine ikiwa bado majini, chomoa mpira wa mafuta uiache inywe kilichobaki mpaka izime yenyewe. Usifanye hivyo nchi kavu, kwa sababu mashine hupozwa kwa maji ya ziwa, na bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Twaingia sasa katika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo chanzo cha nusu ya shida hizi, nalo ni usafi wa mafuta yenyewe. Petroli nyingi hufika mwaloni katika madumu, na dumu lililobeba maji jana hubeba petroli leo. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na bomba la kufyonzea liko chini. Kwa hiyo mashine hunywa maji kwanza. Tia mafuta kidogo ya chini ya tangi katika chupa nyeupe, uiache itulie. Ukiona mpaka kati ya namna mbili, yaliyo chini ni maji. Kitambaa cha kuchujia huzuia mchanga na magamba ya kutu, hakizuii maji. Tangi lililojazwa jioni hupata maji machache kuliko lililoachwa nusu, maana hewa ya usiku huacha umande ndani yake.

Kisha kuna mchanganyiko wa mafuta ya taa. Zamani bei ya mafuta ya taa ilikuwa chini sana, na tamaa ikawapata wauzaji. Mwaka 2010 nchi yetu ilianza kuweka alama maalumu katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu iondoke. Hata hivyo anayenunua kwa dumu kando ya njia hana mtu wa kumlinda ila pua yake.

Juu ya oili, fuata kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25. Oili ikipungua, chuma husagika. Ikizidi, plagi hushika masizi na moshi huwa mwingi. Ichanganye ndani ya dumu na kulitikisa kabla ya kumimina tangini. Wanaotia oili juu juu hupata mafuta mazito chini na mepesi juu, kisha husema mashine ina pepo.

Tahadhari moja hatuna budi kuitia hapa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ya mtumbwi kama maji yasiyoonekana. Unapofungua plagi au mpira, taa ya karabai, sigara na jiko viwe mbali. Na kabla ya kugusa chochote, tupa nanga ikiwa chini pafika. Kama hapafiki, makasia yauweke mtumbwi ukikabili mawimbi.

Kwa ajili hiyo Bodi imekubali kwamba kila mtumbwi unaobeba mazao ya wanachama kwa hati ya Chama uwe na kisanduku chenye spana ya plagi, plagi mbili, pampu ya mkono, oringi za viunganishio, kipande cha mpira wa mafuta na vibanio vyake, chupa nyeupe, na tochi. Makasia mawili na nanga vitakaguliwa pamoja navyo. Wako waliolalamika kwamba ni gharama juu ya gharama. Bei ya vitu hivyo vyote ni ndogo kuliko kabureta moja, na karani wa ghala ataviuza kwa bei ya kununulia, bila faida, vikikatwa katika malipo ya mazao kwa wale watakaotaka.

Mashine ya Chama imeletwa hapa uwanjani, nayo ipo juu ya pipa la maji nyuma ya ghala. Baada ya chakula itafunguliwa kutoka kifuniko cha tangi mpaka plagi, na kila anayependa ataibonyeza ile pampu kwa mkono wake mwenyewe. Tunawaomba wavuta sigara wabaki upande huu.