KIPYA AU KILICHOTUMIKA? HESABU KWANZA, UNUNUE BAADAYE

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima na waendeshaji wa pikipiki wa Ruiri, Meru



Watu wengi wakiwa na fedha mkononi huuliza swali moja tu: “Bei yake ni kiasi gani?” Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mkulima wa Ruiri aliyeuza mahindi na maharagwe ya msimu mzima, kisha akaenda Meru mjini au Isiolo kununua pikipiki, hakumaliza kuilipia siku ile alipozihesabu noti mbele ya muuzaji. Amelipa sehemu ya kwanza tu. Sehemu iliyobaki ataendelea kuilipa kidogo kidogo kwa fundi, na katika zile siku ambazo pikipiki imelala nyumbani hali wenzake wako kazini. Asipoihesabu sehemu hiyo mapema, huenda akaja kuilipa kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo ya mtoto.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika pande mbili. Wa upande mmoja hupenda kitu kipya kwa sababu kinang’aa, na wazee walikwisha kuwaonya waliposema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wa upande wa pili hukimbilia kilichotumika kwa sababu bei yake ni ndogo, nao pia wana methali yao: Rahisi inavunja upishi. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia hupatikana kwa kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mnunuzi na aandike bei ya kununulia. Aongeze matengenezo yote ya muda atakaokitumia kitu hicho. Aongeze mapato atakayokosa siku kitakapoharibika. Kisha atoe bei atakayopata atakapokiuza. Kinachobaki ndiyo gharama ya kweli.

Natutwae mfano, nao ni mfano tu; bei za sokoni hubadilika, na kila mtu ataweka zake. Kijana anataka kubeba abiria kila siku kwa muda wa miaka 3. Pikipiki mpya ni shilingi 160,000. Matengenezo ya miaka hiyo ni shilingi 30,000. Siku za kulala bila kazi ni 12, na kila siku amekosa shilingi 500, yaani shilingi 6,000. Mwishoni anaiuza kwa shilingi 70,000. Gharama yake ya kweli ni shilingi 126,000, ambayo ni shilingi 3,500 kwa mwezi.

Mwenzake amenunua iliyochoka kwa shilingi 80,000, naye anajisifu kwamba ameokoa nusu ya fedha. Wiki ya kwanza ameweka mnyororo mpya na matairi mapya, shilingi 15,000. Matengenezo ya miaka 3 yamekula shilingi 70,000. Siku za kulala zimefika 80, yaani shilingi 40,000 zimepotea. Mwishoni hapati zaidi ya shilingi 25,000. Gharama yake ni shilingi 180,000, au shilingi 5,000 kwa mwezi. Yule aliyelipa nusu ya bei amemzidi mwenzake kwa gharama ya shilingi 54,000.

Je, hii ina maana kwamba kitu kipya ndicho bora sikuzote? Sivyo hata kidogo. Mtazameni sasa mkulima anayehitaji pikipiki mara moja au mbili kwa juma, kupeleka mazao sokoni na kurudi na mbolea. Yeye akipata pikipiki iliyotunzwa vizuri kwa shilingi 90,000, akaitengeneza kwa shilingi 20,000 katika miaka 3, kisha akaiuza kwa shilingi 50,000, gharama yake ni shilingi 60,000 tu. Angenunua mpya kwa shilingi 160,000, akaitengeneza kwa shilingi 8,000 na kuiuza kwa shilingi 90,000, angegharimika shilingi 78,000. Ikiharibika Jumanne, atakwenda sokoni Alhamisi bila hasara kubwa. Kwake yeye iliyotumika ndiyo yenye faida. Basi, kabla ya kuichagua pikipiki, mtu na aijue kwanza kazi yake.

Liko jambo jingine ambalo huwaangusha vijana wengi, nalo ni mkopo. Yule wa kwanza alilipa fedha taslimu. Lakini tuseme hakuwa nazo, akatoa shilingi 30,000 kwanza, kisha shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 100. Jumla atakuwa ametoa shilingi 230,000 kwa pikipiki ya shilingi 160,000. Shilingi 70,000 za ziada zikiongezwa katika hesabu yake, gharama ya kweli inakuwa shilingi 196,000, na faida yote ya kununua kipya imekwisha. Tena mara nyingi mkopeshaji huishikilia hati ya umiliki hadi senti ya mwisho, na wiki zikipita bila malipo huichukua pikipiki yenyewe. Mwenye kukopa asiulize tu, “Kwa wiki ni ngapi?” Na aulize, “Mpaka mwisho ni ngapi?”

Inafaa pia kutenganisha vitu ambavyo kasoro yake huonekana na vile ambavyo kasoro yake imefichika. Nguo za mitumba zimewavika watu wa Kenya kwa miaka mingi. Serikali ilipozuia kuingizwa kwake mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, wafanyabiashara walipata dhiki mpaka ruhusa iliporudishwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Shati lililotumika halidanganyi: mnunuzi huligeuza, huuona mshono na tundu, kisha huamua. Jembe na toroli ni vivyo hivyo.

Lakini injini, breki na tairi huficha siri zao. Ndiyo maana Kenya iliweka sharti kwamba gari lililotumika lisiingizwe nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi huo unafaa, ila hauwezi kujua mashimo ambayo gari limepitia tangu liliposhuka Mombasa. Tairi nalo huzeeka hata likiwa halijatembea. Ubavuni mwake kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319, limetengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kofia ya kukinga kichwa isinunuliwe ikiwa imetumika, kwa maana ikiisha kupigwa mara moja huweza kupoteza nguvu yake bila kuonyesha ufa.

Mwenye kununua pikipiki iliyotumika na aende asubuhi, injini ikiwa bado baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wake wa kuwaka. Atazame moshi: wa samawati maana yake injini inachoma oili, na mweusi maana yake inakunywa petroli kupita kiasi. Ampakie mtu nyuma, apande mlima, asikilize. Na amchukue fundi wake mwenyewe, asimtumie fundi aliyeletwa na muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimkingi mnunuzi kwa kasoro ambayo uchunguzi alioufanya ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo mwenye kuchunguza na achunguze kweli.

La mwisho ni la hatari kuliko yote. Sheria hiyo hiyo yasema, kwa kawaida, kwamba mtu hawezi kumpa mwingine haki ambayo yeye mwenyewe hana. Pikipiki ya wizi haiwi halali kwa sababu imelipiwa mbele ya mashahidi; mwenyewe akijitokeza, mnunuzi hupoteza pikipiki, na fedha pia huenda asizione tena. Basi nambari ya injini na nambari ya fremu zilinganishwe na hati ya umiliki, na jina la mwenye chombo litafutwe katika daftari la Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, kwa njia ya eCitizen, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Sheria ya Trafiki inataka umiliki uhamishwe. Chombo kisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 baada ya mauzo bila kuandikishwa kwa jina la mwenyewe mpya. Jambo hilo humfaa muuzaji vilevile, kwani ambaye jina lake limo katika hati ndiye huhesabiwa kuwa mwenye chombo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kikigonga mtu akiwa yeye amelala nyumbani kwake.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa chache halina bei kubwa. Jioni, kabla ya kwenda kununua, baba na mama wa nyumba na wakae pamoja, waandike bei, matengenezo, siku za kulala, riba ya mkopo na bei ya kuuzia. Waandike kwa kitu kipya upande mmoja, na kwa kilichotumika upande wa pili. Hesabu ikiwaambia wanunue kipya, wanunue bila kuogopa. Ikiwaambia kilichotumika, wanunue bila kuona haya. Na ikiwaambia kwamba fedha hazijatosha kwa chochote, wangoje msimu mwingine, kwa maana kungoja nako ni bei nafuu kuliko kununua mara mbili.