Asali, Mgando na Ukaidi wa Vitu Vinavyomiminika

Somo letu la leo linahusu asali. Ninyi wa Rungwa, katika misitu ya miombo ya Mkoa wa Singida, mnaijua asali vizuri. Lakini liko jambo moja linalowagombanisha muuzaji na mnunuzi.

Mnunuzi hufika saa saba mchana, akaimimina asali, akaiona nyepesi. Husema, "Hii imetiwa maji!" Muuzaji huapa kwamba asubuhi ilikuwa nzito. Nani mkweli?

Kila kitu kinachomiminika kina ukaidi wake wa kutiririka. Ukaidi huo huitwa mnato. Maji yana mnato mdogo, asali ina mnato mkubwa. Mnato si uzito wa mizani. Mafuta ya kupikia yana mnato kuliko maji, hata hivyo huelea juu ya maji.

Mwaka 1687 mtaalamu Mwingereza, Isaac Newton, alitoa kitabu chenye kanuni ya jambo hili. Tuiseme hivi: ukikisukuma kitu kwa nguvu mara mbili, mwendo wake nao huwa mara mbili, na mnato haubadiliki. Maji hufuata kanuni hiyo. Asali nyingi nazo huifuata. Koroga polepole, koroga upesi, mnato ni ule ule.

Vingine havifuati. Maziwa ya mgando yakitulia kibuyuni huwa mazito, ukiyatikisa hulegea. Wanga wa muhogo ni kinyume chake. Uchanganye na maji kidogo tu. Ingiza kidole polepole, nacho kitazama. Piga kwa ngumi, nao utakaza kama udongo mkavu! Mnato wa vitu hivi hubadilika kwa jinsi unavyovisukuma.

Basi, ikiwa kukoroga hakuibadilishi asali, ni nini kilichoibadilisha mchana? Ni joto. Jaribuni wenyewe. Jazeni chupa mbili kutoka debe moja. Moja iwekeni kivulini, nyingine juani. Baada ya saa moja zilazeni pamoja. Ile ya juani itatangulia kumwagika, wala hakuna aliyetia maji.

Lakini maji nayo hupunguza mnato. Asali mbili zikiwa na joto sawa, na moja ikakimbia sana, huenda ina maji mengi. Pengine masega yalivunwa kabla ya kuiva. Nyuki huifunika kwa nta asali iliyoiva. Kanuni ya kimataifa ya asali yataka maji yasizidi sehemu 20 katika 100. Yakizidi, asali huweza kuchacha, na jasho lako likapotea.

Kwa hiyo, mnunuzi, usimshitaki mtu kwa asali ya juani. Nawe mrina asali, vuna masega yaliyofunikwa.

Maswali ya darasani:
1. Mnato ni nini?
2. Mgando na asali hutofautianaje vikikorogwa?
3. Kwa nini asali ya mchana ni nyepesi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.