Kungfu kwa Asiye na Nafasi



Nilipotimiza umri wa miaka 44, ngazi za ofisini hapa London zilianza kunishinda. Daktari alinihimiza kufanya mazoezi, nami nikajitetea kwa zamu za usiku: sina nafasi. Ndilo jibu nililojipa tangu utotoni, nilipotazama kanda za Bruce Lee na kuapa kujifunza kungfu.

Hatimaye nilimwendea mwalimu wa Wing Chun, mtindo wa kusini mwa China ambao Bruce Lee aliusomea kwa Ip Man mjini Hong Kong katika miaka ya 1950. Aliposikia ratiba yangu, alinieleza kwamba gongfu, kwa Kichina, ni ustadi wowote unaopatikana kwa muda na juhudi, hata ule wa mpishi. Kisha akanianzishia Siu Nim Tao, yaani wazo dogo. Katika zoezi hilo mikono hufanya kazi, miguu haihami. Mahali pa kutandika mkeka wa kuswalia panatosha.

Sasa, kila nirudipo alfajiri, hulifanya jikoni kwa dakika 10 huku chai ikichemka. Jumamosi huenda darasani nikasahihishwe, kwani ajifunzaye peke yake huzoea na makosa pia.

Sijawa mpiganaji, na zipo siku usingizi hunishinda. Lakini ngazi zile sasa nazipanda bila kupumzika. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.